Namna ya Kuita Maktaba Mbele za Watu Bila Kuumbuka

Sogea karibu, ndugu yangu, tuongee kwa sauti ya chini. Kesho asubuhi umeitwa mbele za watu. Labda ni darasani chuo cha Nelson Mandela, kule Tengeru. Labda ni ukumbi mdogo wa Njiro, au ofisi ya bosi wako ghorofani kwenye jengo la AICC. Projekta itawaka, kioo cha laptopu yako kitajaa ukuta mzima, na ile mishale mitatu ya Python, `>>>`, itakuwa inakusubiri. Utaandika `import pandas`, yaani unaiita maktaba ya pandas. Watu wote watatazama ukutani.

Hapo kuna mambo mawili tu yanayoweza kutokea. La kwanza, mishale inarudi kimya, bila neno. Ukimya huo ndio ushindi wenyewe. La pili, maandishi yanashuka kama mvua ya Aprili, mstari wa mwisho unasema `ModuleNotFoundError: No module named 'pandas'`, na kijana aliyekaa nyuma kabisa anakohoa.

Nataka upate ule ukimya. Wala sitakutuma ukasome kitabu, kwa sababu ni kesho. Nitakupa njia za mkato, na zote nimezitumia. Kutaka kuonekana unajua si kosa. Karibu kila niliyemwona akijifunza kazi hii hapa mjini alianza hivyo hivyo, kwa kutaka aonekane, na wengi wakaja kujua kweli wakiwa njiani.

Kwanza: tofautisha lori na pampu

Kwetu sisi sheli ni mahali pa kujaza mafuta. Waandishi wa programu nao wana sheli yao: dirisha unaloandika mstari mmoja, unabonyeza Enter, na kompyuta inakujibu papo hapo. Neno ni moja, na bahati nzuri hata namna ya kuifikiria inaweza kuwa moja.

Pale sheli ya mafuta kuna kazi mbili. Lori linatoka Dar es Salaam au Tanga, linamwaga mafuta kwenye matangi yaliyofukiwa chini. Hiyo ni kazi ya kwanza, na wewe mwenye gari huioni. Kazi ya pili ni pampu: unasimama, unataja shilingi zako, unajaziwa. Kama tangi la chini ni kavu, hata ukipiga honi mpaka jioni hupati kitu.

Kwenye Python, lori linaitwa `pip`. Ndilo linalokwenda kwenye ghala kuu la intaneti, linaleta maktaba na kuimwaga ndani ya diski yako. Pampu inaitwa `import`. Yenyewe haiendi popote nje ya kompyuta yako. Inachukua kilichopo tayari na kukiweka kwenye sheli uliyoifungua.

Sasa kosa linaloumbua watu wengi kuliko yote ni hili: mtu yuko mbele ya mishale mitatu, anaandika `pip install pandas`. Sheli inamjibu `SyntaxError`. Haina ubaya naye. Ni kwamba amesimama kwenye pampu akimwambia muuzaji akamletee lori. Toka kwanza. Andika `exit()`, rudi kwenye dirisha la komandi, lile lenye `C:\` au alama ya dola, na huko ndiko uliite lori. Ukiwa kwenye daftari la Jupyter umepewa upendeleo: andika `%pip install pandas`, asilimia ikitangulia, na lori litakuja mpaka ulipo.

Ukiijua tofauti hii peke yake, kesho nusu ya hatari imekwisha.

Pili: hamisha mzigo usiku

Usikubali hata siku moja kupakua maktaba mbele za watu. Hata kama ukumbi una Wi-Fi. Hata kama mwenyeji amekuapia kwamba ina kasi. Wi-Fi ya ukumbini ni ya wote, na saa ile wewe unahangaika na pandas, watu arobaini wanatuma picha za chai kwenye WhatsApp.

Na wakati mwingine tatizo liko mbali sana na ukumbi. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ikayumba Tanzania nzima, Kenya, na nchi jirani. Kama ulikuwa na darasa Jumatatu yake pale Sekei, hakuna ujanja wa kuunganisha simu ungekuokoa. Aliyekuwa na flashi mfukoni alifundisha.

Kwa hiyo nunua bando la usiku, keti nyumbani, na andika hivi:

`pip download pandas -d mzigo`

Komandi hii haisakinishi kitu. Inakusanya tu faili na kuziweka kwenye folda inayoitwa mzigo. Utashangaa kidogo, kwa sababu uliomba kitu kimoja na zimekuja faili kadhaa: pandas mwenyewe, halafu numpy, halafu python-dateutil, halafu six. Usiogope na usifute hata moja. Mgeni anayepanda Mlima Meru hapandi peke yake. Anaingia geti la Momella na askari wa hifadhi mwenye bunduki, muongozaji, mpishi, na wagumu wenye mizigo kichwani, mpaka Miriakamba, mpaka Saddle, na karibu wote hao yeye hakuwataja kwa majina alipolipia safari. Maktaba nazo zina wagumu wao. Ukimwacha mmoja getini, safari inaishia Momella.

Nakili folda hiyo ya mzigo kwenye flashi. Kesho, ukiwa ukumbini, ichomeke, ingia ndani yake kwa dirisha la komandi, na andika:

`pip install --no-index --find-links=mzigo pandas`

Kile kipande `--no-index` kinamaanisha usiende kwenye intaneti kabisa, angalia humu folda tu. Inachukua muda mfupi, na kwa anayekutazama unaonekana mtu uliyezaliwa na kompyuta.

Hapa kuna kitu kidogo nataka ukitazame kwa karibu, maana ndipo ujanja wa flashi unapowatupa wengi. Fungua ile folda usome majina ya faili. Utaona jina refu kama `numpy-1.26.4-cp311-cp311-win_amd64.whl`. Lisome kama unavyosoma kibao cha kifodi kabla hujapanda. `1.26.4` ni toleo la maktaba. `cp311` ni Python 3.11. `win_amd64` ni Windows ya biti 64. Kwa hiyo faili hili, lenye karibu megabaiti 16, linafaa kwa kompyuta ya namna hiyo tu. Ukilipeleka kwenye Python 3.12, au kwenye laptopu ya Linux ya rafiki yako, `pip` itakuambia haikupata toleo lolote linalofaa, wakati faili unaliona kwa macho yako mawili. Umepanda kifodi cha Ngaramtoni na wewe unakwenda Usa River.

Kama unajua kompyuta ya ukumbini si kama yako, piga simu leo uulize: ni Windows au Linux, na Python namba ngapi? Halafu iambie `pip` ikusanye kwa ajili ya ile, siyo yako:

`pip download --platform win_amd64 --python-version 311 --only-binary=:all: -d mzigo pandas`

Ndefu, najua. Iandike kwenye karatasi, uibandike nyuma ya laptopu. Mimi sijawahi kuikariri na sina mpango huo.

Tatu: hakikisha unaongea na Mangi yuleyule

Mtaani kwako kuna maduka mawili, na wenye nayo wote wawili mnawaita Mangi. Umelipia soda kwa Mangi wa juu, umekwenda kuidai kwa Mangi wa chini. Atakukana, na ana haki.

Laptopu nyingi ninazozishika zina Python mbili au tatu. Moja ilikuja na Anaconda siku ya mafunzo, nyingine ilipakuliwa kwenye tovuti ya Python yenyewe, nyingine ilijipenyeza kupitia duka la Microsoft. Kila moja ina matangi yake. Unasakinisha pandas, inakwambia imefanikiwa, unafungua sheli, inakwambia haipo. Hapo watu huanza kusakinisha mara ya tatu na ya nne, na kila mara wanamlipa Mangi wa juu.

Njia ya mkato ni kuacha kabisa kuandika `pip` peke yake. Andika `python -m pip install pandas`. Maana yake: wewe Python ninayekuita kwa jina hili, tumia lori lako mwenyewe. Halafu fungua sheli kwa neno lilelile `python`. Ukitaka uhakika, ndani ya sheli andika `import sys` kisha `sys.executable`, na utaonyeshwa Mangi unayeongea naye anakaa folda gani.

Kama unatumia Ubuntu ya tangu 2023, `pip` inaweza kukataa katakata na kukuambia mazingira haya yanasimamiwa na wengine. Usibishane nayo, wala usitafute namna ya kuilazimisha, kwa sababu Python hiyo inaendesha vitu vya mfumo wenyewe. Jenga kibanda chako pembeni: `python3 -m venv kibanda`, kisha `source kibanda/bin/activate`. Humo ndani mwenye nyumba ni wewe. Ukiharibu, unafuta folda na kujenga nyingine.

Nne: jina la kitambulisho na jina la mtaani

Kuna jirani yangu ambaye kwenye kitambulisho ana majina matatu mazito, lakini ukimuulizia kwa majina hayo Kijenge nzima hakuna anayemjua. Sema Baba Neema, na mtoto wa miaka sita atakupeleka mpaka mlangoni.

Maktaba za Python ziko hivyo. Unasakinisha `scikit-learn`, lakini kwenye sheli unaiita `sklearn`. Unasakinisha `opencv-python`, unaita `cv2`. Unasakinisha `Pillow`, unaita `PIL`. Unasakinisha `beautifulsoup4`, unaita `bs4`. Unasakinisha `PyYAML`, unaita `yaml`. Mantiki usiitafute sana. Nyingi ni historia tu za watu waliozianzisha. Hayo matano yanawaumbua wengi, yaweke kwenye ileile karatasi ya nyuma ya laptopu.

Na ukishaita, fupisha kama wanavyofupisha wote: `import numpy as np`, `import pandas as pd`, `import matplotlib.pyplot as plt`. Hakuna sheria inayokulazimisha. Unaweza kuita numpy "ndizi" na itaitika. Lakini anayekutazama akiona `np` anajua umekaa na wenzako, na siku ukiomba msaada, mtu atasoma mistari yako bila kuuliza maswali. Fuata desturi, inakujengea heshima bure.

Tahadhari moja fupi kuhusu majina: usikisie tahajia unapoliita lori. Wapo watu wanaoweka kwenye ghala maktaba za uovu zenye majina yanayokaribiana na zile maarufu, wakisubiri kidole chako kiteleze. Machi 2024 ghala kuu la Python, PyPI, lilifunga kwa muda usajili wa watu wapya na miradi mipya kwa sababu ya wimbi la namna hiyo. Nakili jina kutoka kwenye ukurasa rasmi wa maktaba, usiliandike kwa kumbukumbu.

Tano: faili lako lisijiite jina la mkubwa

Hili nitalisimulia polepole.

Nilikaa siku moja Sakina na binti mmoja mwanafunzi. Alikuwa na kazi nzuri, ya kufundisha kompyuta itambue ugonjwa kwenye majani ya migomba. Watafiti wa Nelson Mandela wamekusanya maelfu ya picha za namna hiyo, za migomba na mahindi, na yeye alitaka kufuata njia hiyo. Ndizi ndiyo chakula cha huku, kutoka Tengeru mpaka miteremko ya Meru, kwa hiyo kazi ile mimi niliipenda kabla sijaiona.

Jana yake kila kitu kilikuwa kinakwenda. Siku ile hakuna maktaba iliyokubali kuitwa. Anaita hii, inaanguka. Anaita ile, inaanguka. Alikuwa amesakinisha upya mara nne, na bando lilikuwa limeisha. Macho yalikuwa mekundu. Mama yake alileta chai ya maziwa na mihogo, akaondoka bila kusema kitu.

Nikamwambia tusome maandishi ya kosa, yote, taratibu. Mstari wa mwisho ulisema moduli `random` haina kitu kinachoitwa `shuffle`. Ajabu, maana inacho, na kimekuwepo miaka yote. Tukapanda mistari michache juu. Pale kuna njia ya faili linalolaumiwa. Njia ile haikuelekea kwenye Python. Ilielekea kwenye folda yake mwenyewe, kwenye faili aliloliandika jana usiku la kuchanganya picha, akaliita `random.py`.

Unaona kilichotokea? Ukiita jina kwenye sheli, Python ina foleni ya mahali pa kutafuta, na ukiitaka uione andika `import sys` kisha `sys.path`. Wa kwanza kwenye foleni ni folda uliyosimama. Kwa hiyo kila maktaba iliyohitaji `random` halisi ilimkuta huyu wa nyumbani, ikamuuliza mambo asiyoyajua, ikaanguka. Tukalibadilisha jina, `changanya_picha.py`, tukafunga sheli na kuifungua upya. Mishale ikarudi kimya. Alicheka mpaka mama yake akarudi kutazama.

Python 3.13, iliyotoka Oktoba 2024, imeanza kukuonya kwa upole kwamba faili lako limebeba jina la moduli ya ndani, na kukushauri ulibadilishe. Lakini kompyuta nyingi mtaani bado ziko kwenye matoleo ya zamani. Kwa hiyo yape mafaili yako majina ya Kiswahili. Ni kinga kamili. Sijawahi kuona maktaba ya dunia inayoitwa `changanya_picha`.

Sita: ujanja mkubwa wenyewe

Sasa fungua masikio. Usiku huu andika faili dogo, liite `anza.py`, na ndani yake weka `import` zako zote, hata na kusoma jedwali lako la data. Kesho, kabla watu hawajaingia, fungua sheli hivi:

`python -i anza.py`

Hiyo herufi `-i` inaiambia Python: endesha faili hili, ukimaliza usifunge, niachie mishale. Kila kitu kimeshajazwa. Tangi limejaa kabla hujawasha gari.

Halafu, mbele za watu, andika `import pandas as pd` kana kwamba ndiyo kwanza unaanza. Kwenye laptopu ya zamani mwito wa kwanza wa pandas unaweza kuchukua sekunde kadhaa, na sekunde hizo mbele ya ukumbi ni ndefu kama foleni ya mnara wa saa. Lakini mwito wa pili hurudi mara moja. Sheli ina daftari lake, `sys.modules`, ambamo imeandika kila maktaba iliyokwisha kuitwa. Ukiita tena, inatazama daftari, inaona jina, inakupa ileile. Kwa hiyo kompyuta yako ya mtumba itaonekana ina kasi kuliko zote ukumbini, na hujasema uongo wowote.

Daftari hilo lina upande wake wa pili, na lazima uujue. Ukiwa umeandika maktaba yako mwenyewe, tuseme `mavuno.py`, ukaiita, ukagundua kosa, ukarekebisha faili na kuita tena, hutaona mabadiliko. Sheli imetazama daftari ikakuta jina lipo, ikaridhika. Watu huzeeka hapo. Andika `import importlib`, kisha `importlib.reload(mavuno)`. Na kama ulichukua vipande kwa `from mavuno import jumla`, hata hiyo haitatosha, kwa sababu `jumla` uliyonayo mkononi ni ya zamani, ichukue tena. Mimi nikiwa peke yangu nafunga sheli na kufungua upya. Ni haraka kuliko kufikiri.

Kuna njia moja ya mkato ninayokukataza, ile ya nyota: `from numpy import *`. Inavutia, kwa sababu huhitaji tena kuandika `np`. Lakini inamwaga ndani ya sheli yako mamia ya majina, na baadhi yanafuta ya nyumbani. Jaribu mwenyewe leo. Kwenye sheli safi andika `sum(range(5), -1)`. Utapata 9. Ita nyota, andika mstari uleule. Utapata 10. Hakuna kosa lililoonyeshwa, hakuna onyo, ila `sum` siyo tena yule uliyemjua. Kosa linalopiga kelele linaweza kukuaibisha asubuhi moja. Hili la kimya litaingia kwenye ripoti yako, lisainiwe na kupelekwa kwa watu.

Wenzetu wa takwimu mnaotumia R, kwenu ni mambo yaleyale kwa majina mengine. Lori ni `install.packages("ggplot2")`, jina likiwa ndani ya alama za kunukuu. Pampu ni `library(ggplot2)`, na hapa alama si lazima. Mkitumia `require` badala ya `library`, maktaba ikikosekana mtapewa onyo tu na kazi itaendelea kama kipofu. Tumieni `library`, isimame palepale.

Saba: ukianguka, anguka vizuri

Hata ukifanya yote haya, ipo siku itagoma. Flashi itakataa kusomwa. Umeme utakatika, projekta itazima. Jiandae kuanguka kama mtu mzima.

Kosa likitokea, usifute kioo haraka haraka. Mikono inayokimbia ndiyo inayowaambia watu kuna aibu. Acha maandishi yakae, soma mstari wa mwisho kwa sauti, na useme kwa Kiswahili kinachotakiwa: "Anasema maktaba hii haipo kwenye Python hii." Nimeona ukumbi mzima ukiinama mbele kumsikiliza mtu aliyefanya hivyo. Wengi wao wamewahi kukutana na mstari ule wakiwa peke yao saa sita usiku, na hakuna aliyewahi kuwasomea.

Halafu uwe na njia ya pili. Python inakuja na maktaba zake za ndani ambazo hazihitaji lori wala flashi. Unataka wastani wa bei ya mkungu kwa siku tatu za soko? Andika:

`from statistics import mean`

`mean([15000, 18000, 12000])`

Itakupa 15000, bila pandas, bila numpy, bila bando. Maktaba hiyo ipo ndani ya Python tangu toleo la 3.4 la mwaka 2014. Kusoma majedwali ipo `csv`. Hifadhidata nzima ipo, `sqlite3`. Kwa kazi nyingi za ofisi ndogo hapa mjini hizo zinatosha, na wengi wanaopakua mamia ya megabaiti ya TensorFlow walichohitaji kilikuwa kimelala ndani ya kompyuta yao siku zote.

Unaweza hata kuifundisha programu yako ianguke vizuri yenyewe. Kwenye `anza.py` andika:

`try:`
`    import numpy as np`
`except ImportError:`
`    np = None`

Kisha kwenye mahesabu, `np` ikiwa `None`, tumia `statistics`. Maktaba ikikosekana, programu inashuka ngazi moja na kazi inaendelea. Na ile grafu nzuri ya matplotlib, itengeneze leo usiku, uihifadhi kama picha. Projekta ikirudi na sheli ikiwa bado imenuna, fungua picha, onyesha, elezea. Mkulima wa Poli au Nkoaranga aliyekuja kutazama mwenendo wa mvua anataka kuuona mwenendo wa mvua. Hakuja kuhesabu mishale.

Mwisho: kabla hujafunga laptopu

Kama mambo yamekwenda, usiyaache yapotee. Kwenye dirisha la komandi andika `python -m pip freeze > mzigo.txt`. Faili hilo litaorodhesha kila maktaba na toleo lake kamili, jinsi zilivyokuwa siku zilipokubali. Litie kwenye flashi pamoja na folda ya mzigo. Mwezi ujao, matoleo yakibadilika na mambo yakigoma, `python -m pip install --no-index --find-links=mzigo -r mzigo.txt` itakurudisha siku ya leo, mradi Python iwe ileile na kila kilichoandikwa kwenye orodha kimo kwenye folda. Kama kuna kilichopungua, kiongeze usiku huu kwa `python -m pip download -r mzigo.txt -d mzigo`, bando likiwa bado lina uhai.

Flashi yangu ina alama ya rangi nyekundu ya kucha, isichanganywe na za watu. Sasa hivi ipo kwa yule binti wa Sakina, anafundisha wenzake watano sebuleni kwao, na Python zao zote tumezilinganisha ziwe 3.11. Nimemwambia airudishe Jumamosi, akishuka sokoni Tengeru. Ukitaka kunakili, njoo na flashi yenye nafasi ya gigabaiti 4, na uje mapema kabla jua halijakaza.